Kiwiko cha Dola Milioni 15

Kiangazi cha mwaka 2012, jiji la Washington liligombana juu ya kiwiko ambacho hakikuwa kinauma. Mwenye kiwiko, Stephen Strasburg, alitimiza miaka 24 Julai hiyo. Alikuwa miongoni mwa warushaji hodari kabisa wa besiboli ya kulipwa, na timu yake, Nationals, ilikuwa ikielekea kutwaa kundi lake kwa mara ya kwanza tangu ihamie mjini. Lakini Mike Rizzo, meneja mkuu wa timu, alikuwa amekwisha kusema mapema kwamba kijana huyo hatamaliza msimu. Atarusha mpaka kiasi fulani kisha ataketi, hata kama wenzake watakuwa wanapigania ubingwa. Jijini kila mtu akawa daktari wa mifupa.

Msomaji wa nchi za soka anastahili maelezo kidogo. Katika besiboli, mrushaji husimama juu ya tuta dogo la udongo, mita 18.4 kutoka kwa mpigaji, na kazi yake ni kumpitishia mpira bila kupigwa. Mechi ina ngwe tisa. Mrushaji anayeanza mechi hurusha mara 90 au 100 hivi kwa nguvu zake zote, halafu kwa kawaida hupumzika siku nne kabla ya kupanda tuta tena. Siku hizo nne haziko pale kwa starehe.

Tazama mkono unaporusha. Bega na kiwiko hutangulia mbele huku kiganja na mpira vikiwa bado nyuma, na kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kiungo cha kiwiko huvutwa kifunguke kwa upande wa ndani. Kinachokizuia kufunguka ni ligamenti moja fupi inayounganisha mfupa wa mkono wa juu na mfupa wa ulna. Watafiti wa Birmingham, Alabama, walikadiria mwaka 1995 kwamba kila mrusho wa nguvu huleta msokoto wa kama nyutonimita 64 kwenye kiwiko. Ligamenti hiyo, ilipojaribiwa kwenye viungo vya maiti, ilikatika penye nusu ya hapo. Kwa hiyo nusu nyingine ya mzigo hubebwa na misuli ya kigasha. Misuli ikichoka, ligamenti hubaki peke yake. Ukielewa hesabu hiyo umeelewa kwa nini makocha wa Marekani huhesabu kila mrusho kwa kibonyezo mkononi.

Tatizo lenyewe halikuanzia kwenye besiboli. Mwaka 1946 daktari mmoja wa Finland, Waris, aliandika juu ya majeraha ya kiwiko kwa warusha mkuki wa nchi yake, na alichokieleza ni upande huohuo wa ndani. Julius Yego aliporusha mkuki mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia, kiwiko chake kilipita njia ileile. Sura hii inazungumzia Wamarekani kwa sababu wao ndio waliouza jeraha hili magazetini, lakini wenye viwiko ni wengi.

Hadi mwaka 1974, mrushaji aliyekatika ligamenti hiyo alikwenda nyumbani kutafuta kazi nyingine. Julai ya mwaka huo Tommy John wa Los Angeles Dodgers, mrushaji wa mkono wa kushoto, aliikata katikati ya mechi. Tarehe 25 Septemba daktari Frank Jobe alimfanyia jambo ambalo halikuwa limefanyiwa mrushaji yeyote. Alichukua kano kutoka kigasha cha mkono wa kulia, akatoboa matundu kwenye mifupa miwili ya kiwiko cha kushoto, akaipitisha kano humo na kuikaza kwa umbo la nambari nane, kama fundi anavyosuka kitanda cha kamba. Alimwambia mgonjwa wake kwamba nafasi ya kurudi uwanjani ni moja katika mia. Neva ya ulna, ileile inayokupiga shoti ukigonga kiwiko kwenye kona ya meza, ilianza kumsumbua kiasi kwamba vidole vilikunjamana, na kabla mwaka haujaisha ilibidi afunguliwe tena. Msimu wote wa 1975 hakucheza. Alirudi mwaka 1976, akacheza mpaka 1989 akiwa na miaka 46, na katika ushindi wake 288, 164 ulikuja baada ya kisu. Jina lake sasa ndilo jina la upasuaji wenyewe.

Kano iliyotumika, palmaris longus, ni kitu cha ajabu: ipo lakini haina kazi ambayo mtu angeikumbuka ikiondolewa. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kiganja kidogo kuelekea kwako. Kamba inayochomoza katikati ya kifundo ndiyo hiyo. Vitabu vya anatomia husema kama watu 15 katika kila 100 hawana kabisa. Uchunguzi uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta wasio nayo ni chini ya 5 katika 100. Asiye nayo hukatwa kano nyingine, mara nyingi nyuma ya goti.

Strasburg alikuja Washington mwaka 2009 akiwa chaguo la kwanza la nchi nzima katika usajili wa wachezaji chipukizi, kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego. Alisainiwa kwa dola milioni 15.1, kiasi ambacho mchezaji aliyetoka chuoni hakuwa amewahi kupewa. Mechi yake ya kwanza katika ligi kuu, tarehe 8 Juni 2010, ilichezwa Nationals Park, uwanja uliofunguliwa mwaka 2008 katika mtaa wa Navy Yard kando ya mto Anacostia, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Jengo la Bunge. Mara 14 alimwondoa mpigaji wa Pittsburgh bila kuguswa mpira wa maana, na hakumpa hata mmoja nafasi ya bure. Mipira yake ilifika kilomita 160 kwa saa. Jiji lililokaa miaka zaidi ya 30 bila timu ya besiboli, kutoka 1971 hadi 2005, lilipata mwana wa kujivunia.

Siku 74 baadaye, tarehe 21 Agosti huko Philadelphia, alirusha mpira mmoja, akakunja uso na kuutikisa mkono. Tarehe 3 Septemba daktari Lewis Yocum, aliyefanya kazi kliniki moja na Jobe mjini Los Angeles, alimfanyia upasuaji wa Tommy John.

Hapa ndipo vitabu vingi vya michezo huruka mwaka mzima kwa sentensi moja. Mimi naona mwaka huo ndio habari. Upasuaji wenyewe huchukua saa moja na ushei. Baada yake mkono huwekwa kwenye gango kwa wiki moja hivi, kisha kwenye kifaa chenye bawaba kinachoruhusu kiwiko kijinyooshe nyuzi chache zaidi kila wiki, hadi kama wiki ya sita. Kipande cha kano kilichohamishwa hakina damu yake. Lazima mishipa midogo ikiingie, chembe mpya zihamie ndani, na nyuzi zake zijipange upya kulingana na mvuto, mpaka kilichokuwa kano kianze kufanya kazi ya ligamenti. Kazi hiyo ya kimyakimya haiharakishwi na pesa wala dua ya mashabiki. Na uovu wake ni kwamba maumivu huisha mapema mno. Mwezi wa nne mgonjwa anajisikia mzima, anainua vyuma, anatania wenzake, na ndani ya kiwiko bado kuna ujenzi.

Ndiyo maana ratiba ya kurusha imeandikwa kwa mita na idadi, wala haimwulizi mchezaji anajisikiaje. Kati ya mwezi wa nne na wa tano huanza na mita 14, polepole, siku moja kurusha na siku moja kupumzika. Baadaye mita 18, 27, 36. Maumivu ya misuli yanaruhusiwa. Maumivu ya ndani ya kiwiko yanakurudisha hatua ya nyuma. Tuta lenyewe hupandwa kama mwezi wa nane au wa tisa, kwanza kwa mipira iliyonyooka tu, kisha ile ya kupinda. Katikati ya hayo yote kuna mazoezi ya bega, ya nyonga, ya mgongo, kwa sababu mkono mbovu mara nyingi huwa umeumizwa na mwili uliochoka kwingine. Mtaalamu wa fiziotherapia humwona mchezaji huyu mara nyingi kuliko mkewe. Strasburg alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo Viera, Florida, mbali na kamera, akirusha na kuokota.

Agosti 2011 alianza kupimwa kwenye timu za ligi ndogo: Hagerstown huko Maryland, Woodbridge upande wa Virginia, kisha Syracuse na Harrisburg. Watu walijaza viwanja vidogo kumwona akitupa ngwe chache. Tarehe 6 Septemba alirudi Nationals Park dhidi ya Dodgers, mwaka mmoja na siku tatu tangu akatwe. Alirusha mara 56 katika ngwe tano, akaondolewa. Kurudi uwanjani kukawa kumekamilika, au hivyo ndivyo gazeti lingeandika.

Kurudi uwanjani kuna ngazi mbili, na hata takwimu huzichanganya. Kazi kubwa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 na kundi la daktari James Andrews huko Alabama ilifuatilia wanariadha 743 kwa angalau miaka miwili na kukuta asilimia 83 walirudi kwenye kiwango chao cha zamani au juu zaidi. Ni nambari nzuri, na imeleta balaa lake. Mwaka 2012 watafiti wengine waliuliza wachezaji, wazazi na makocha, na nusu ya wanafunzi wa sekondari walioulizwa walisema upasuaji huu ungefaa kufanyiwa mtu asiyeumia, ili arushe vizuri zaidi. Upasuaji hauongezi kasi. Anayerudi na nguvu zaidi ameongezewa na mwaka mzima wa mazoezi ambayo hakuwahi kuyafanya kwa uaminifu alipokuwa mzima.

Ngazi ya pili ni kubaki, na ni juu yake Washington iligombana. Rizzo alikuwa na mfano mkononi. Jordan Zimmermann, mrushaji mwingine wa Nationals, alipasuliwa vivyo hivyo Agosti 2009. Mwaka 2011, msimu wake kamili wa kwanza baada ya kupona, timu ilimsimamisha akiwa amefikisha ngwe 161 na ushei, na mwaka 2012 akarusha 195. Rizzo aliamua Strasburg apite palepale. Timu ilipokuwa ya tatu katika kundi mwaka 2011 hakuna aliyepiga kelele. Sasa timu ilikuwa juu.

Tarehe 7 Septemba 2012 Strasburg alirusha vibaya dhidi ya Miami: ngwe tatu, alama tano. Kesho yake kocha Davey Johnson alitangaza kwamba msimu wake umeisha, mechi moja kabla ya ilivyopangwa, maana kelele zilikuwa zimemwingia kichwani. Alikuwa na ushindi 15 na ngwe 159 na theluthi moja.

Sasa angalia wapinzani waliokutana na Nationals Oktoba, katika mtoano wa kwanza wa timu ya Washington tangu 1933. St. Louis Cardinals walimwanzisha Adam Wainwright mechi ya kwanza na ya tano. Wainwright alipasuliwa kiwiko hichohicho Februari 2011, karibu miezi sita baada ya Strasburg. Hakuwekewa ukomo. Alikuwa amekwisha kurusha karibu ngwe 199 za msimu wa kawaida. Mechi ya tano, tarehe 12 Oktoba, Nationals walimkung’uta alama sita kabla ngwe ya tatu haijaisha, na bado wakapoteza 9 kwa 7, wakibakiza mpira mmoja tu kufuzu, tena mara mbili. Aliyekuwa kwenye tuta ngwe ya mwisho ni Drew Storen, naye alikuwa ametoka kufanyiwa usafi wa vipande vya mfupa kiwikoni Aprili ileile. Uwanja mzima siku ile ulikuwa wodi ya mifupa.

Walioandika kwamba Rizzo alitupa ubingwa wanasahau kwamba mrushaji wa kuanza asingekuwepo ngwe ya tisa. Pengo lake lilionekana zaidi mechi ya tatu, waliyofungwa 8 kwa 0 nyumbani, na hata hapo huwezi kushinda kwa sifuri awe nani kwenye tuta. Wanaomtetea nao huleta mwaka 2019: Strasburg alirusha ngwe 209 za msimu, akashinda mechi tano za mtoano bila kupoteza, na tarehe 29 Oktoba huko Houston akarusha ngwe nane na theluthi moja katika mechi ya sita ya fainali. Kesho yake Washington ilikuwa bingwa kwa mara ya kwanza tangu 1924, naye akatajwa mchezaji bora wa fainali. Je, pumziko lile la 2012 ndilo lililonunua usiku ule? Hakuna anayeweza kuonyesha. Wainwright hakupumzishwa na alicheza mpaka 2023.

Mwaka 2012 wenyewe ulikuwa na njia ya tatu. Atlanta Braves walikuwa na Kris Medlen, aliyepasuliwa mwezi uleule aliochanika Strasburg. Walimwanzisha mwaka akiingia mwishomwisho wa mechi kwa ngwe moja au mbili, wakamgeuza kuwa mrushaji wa kuanza mwisho wa Julai, akashinda tisa bila kupoteza, na Oktoba alikuwa na mkono wa kurushia. Mimi nadhani Rizzo alikuwa na haki ya kuweka ukomo na alikosea kuanza kuuhesabu Aprili. Ngwe 160 zingeweza kuanzia Juni. Lakini sitampigia debe Medlen sana: ligamenti yake mpya ilikatika Machi 2014, akapasuliwa mara ya pili. Mtu mmoja mmoja hathibitishi kitu, na uchunguzi wa wengi bado haujaonyesha kwamba 160 ni nambari ya sayansi. Ni nambari ya tahadhari. Tahadhari si aibu, ila iitwe hivyo.

Kilichommaliza Strasburg hakikuwa kiwiko. Desemba 2019 alisaini dola milioni 245 kwa miaka saba. Agosti 2020 alipasuliwa kifundo cha mkono kwa sababu ya neva iliyobanwa. Julai 2021 aliondolewa ubavu, kwa kuwa neva na mishipa ya damu ilikuwa inasongwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Juni 2022 alipanda tuta mara moja huko Miami, na hakuonekana tena. Alistaafu rasmi Aprili 2024, akiwa amerusha ngwe 31 na theluthi moja tu tangu mkataba ule mkubwa. Ligamenti aliyosukiwa na Yocum haikuwahi kurudiwa. Kwa kipimo cha daktari wa upasuaji, ile ya 2010 ni kazi iliyofaulu kabisa.

Wakati huo mchezo wenyewe umezidisha mzigo. Wastani wa kasi ya mpira wa moja kwa moja katika ligi kuu ulikuwa kama kilomita 147 kwa saa mwaka 2008. Mwaka 2024 ulikaribia 152. Ripoti ya ligi kuu iliyotoka Desemba 2024 iliweka kasi na juhudi ya juu katika kila mrusho miongoni mwa sababu za majeraha kuongezeka. Watoto hufuata. Tangu 2014 ligi na shirikisho la besiboli la Marekani wana mwongozo: mtoto wa miaka 11 au 12 asizidishe mirusho 85 kwa siku, na akifikisha 66 apumzike siku nne. Wazazi wa vitongoji vya Maryland na Virginia wanaujua kwa moyo, kisha Jumamosi wanampeleka mtoto yuleyule kwenye timu ya pili ambayo haijui alichorusha Alhamisi.

Mikono ya Afrika Mashariki imeanza kuingia humo. Uganda ilipeleka timu ya watoto wa Lugazi kwenye fainali za dunia za Little League mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka 2022 Dodgers waliwasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka uliofuata Dennis Kasumba kutoka Wakiso alivaa jezi ya Frederick Keys, Maryland, karibu saa moja kwa gari kutoka Nationals Park. Yeye ni mdakaji, anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, na mdakaji hurudisha kila mpira, ingawa idadi yake haiandikwi popote. Mirusho 85 inaweza kuhesabiwa Lugazi kwa kalamu na daftari la shule. Usichoweza kukipata Lugazi ni mwaka wa Viera: miezi 12 ambayo mwajiri anakulipa ili usicheze. Dola milioni 15.1 zilimfanya Strasburg kuwa kijana ambaye wengine walikuwa na sababu ya kumsubiri, na walimsubiri hata pale yeye mwenyewe hakutaka. Mrusha mkuki wa kaunti ya Nandi aliyekatika ligamenti hiyohiyo hana wa kumkataza kurudi mwezi wa saba. Mara nyingi ana wa kumhimiza.

Nationals wenyewe waliendelea kusubiri viwiko. Cade Cavalli, chaguo lao la kwanza la 2020, alirusha mechi moja ya ligi kuu Agosti 2022, akapasuliwa Machi 2023. Kwa kalenda ya kawaida angekuwa kwenye tuta la Washington katikati ya 2024. Mkono ulikataa, akarudishwa hatua za nyuma, na ilipofika Agosti 2025 ndipo aliporusha tena Nationals Park, karibu miaka mitatu tangu mechi ile moja. Timu ilikuwa mkiani mwa kundi. Rizzo hakuwepo, alikuwa amefutwa kazi tarehe 6 Julai.